Je, Wajua? Mtoto Aupandaye Mwili Wake

Je, wajua kwamba suksinilikolini, dawa ilegezayo misuli wakati wa nusu kaputi, yaweza kuusimamisha ghafla moyo wa mtoto aliyedhaniwa kuwa mzima wa afya? Misuli yenye maradhi ya siri humwaga potasiamu kwa wingi damuni, na moyo hauistahimili.

Mojawapo ya maradhi hayo ya misuli, Duchenne, ambayo aghalabu huwapata wavulana, hujificha miaka ya mwanzo. Mtazame mtoto katika ufuko wa Kalundu, Uvira, wenziwe wakiikimbilia mitumbwi ya ndagala: yeye huinuka mchangani akijishika magoti, kisha mapaja, kana kwamba aupanda mwili wake mwenyewe, na mashavu ya miguu yake, yaliyonenepa, watu huyadhani nguvu.

Ketamini, iliyoundwa mwaka 1962 na itumikayo sana katika hospitali zisizo na mashine za nusu kaputi, haimo miongoni mwa dawa ziletazo balaa hilo la moyo.

Basi kabla ya kisu, tabibu aambiwe: mtoto alichelewa kutembea, hata akapita miezi 18? Yuko mjomba aliyelemaa utotoni? Mjomba hasa, kwani maradhi haya hurithiwa upande wa mama.