Motokari Njema si Rangi ya Nje

Wazee wetu walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Neno hilo twaweza kulisema pia juu ya motokari. Wengi wakiwa na motokari ya zamani huipaka rangi mpya nje na kuisugua mpaka mtu ajione ndani yake kama katika kioo. Lakini inua kifuniko cha injini: kumbe, ndani ni oili nyeusi, vumbi na kutu! Leo twataka kuwaeleza kazi moja ambayo wengi huikimbia, yaani kuitoa injini nzima ili kupaka rangi chumba chake. Sisi tuliifanya katika Volkswagen aliyotuachia baba yetu, na ilitufundisha mengi.

Motokari ya watu wengi

Motokari hiyo yenye mgongo wa mviringo, wasemao Kifaransa huiita Coccinelle, kwa mfano wa mdudu mdogo wa duara. Aliyeitunga ni Ferdinand Porsche. Mwishoni mwa mwaka 1945, vita vilipokwisha, kiwanda cha Wolfsburg katika Ujerumani kilianza kuziunda kwa wingi chini ya usimamizi wa Waingereza. Mwaka 1962 ilishinda mbio za Safari za Afrika ya Mashariki, katika matope na vumbi. Mwaka 1972 iliipita Ford T, ambayo hesabu yake ilikuwa milioni 15. Ya mwisho iliundwa Puebla, katika Meksiko, mwezi wa Julai 2003. Zote pamoja zilikuwa 21,529,464.

Injini yake ipo nyuma, nayo haipozwi kwa maji bali kwa upepo. Hewa huingia katika matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma, feni huivuta na kuipuliza juu ya silinda nne. Tulikumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

Kwa nini kuitoa?

Ndugu yetu mkubwa hakutaka taabu. Alinunua rangi na brashi, akasema: «Tutapaka palipo wazi. Nani ataangalia nyuma ya injini?»

Mekanisiani mmoja mzee, jirani yetu, alimsikia. Akamwuliza: «Mwanangu, wataka kuficha kutu au kuiondoa?»

«Kuiondoa, mzee.»

«Basi, utaiondoaje mahali usipopaona?»

Ndugu yetu akanyamaza, akaiweka brashi chini.

Kazi ya kuitoa

Kwanza tulifungua betri, ambayo katika motokari hiyo imo chini ya kiti cha nyuma. Kisha tulifungua nyaya za umeme, mmoja mmoja: wa dinamo, wa koili, wa taa ya oili, wa kabureta. Kila mmoja tulifunga kipande cha karatasi chenye jina lake. Mtu asiyeandika hujidai kuwa atakumbuka. Lakini juma moja likipita, nyaya zote hufanana machoni pake! Kisha waya wa kuongezea mwendo, na mabomba yapelekayo joto mbele.

Tangi la petroli li mbele, na petroli huja nyuma kwa bomba jembamba. Kabla ya kuufungua mpira wake, ni lazima kuubana sana au kuuziba, la sivyo petroli itamwagika. Mzee aliuliza kama kuna mwenye sigara au moto karibu, ndipo alipoanza.

Kilichobaki ni bolti na nati nne tu, mbili juu na mbili chini, zishikazo injini pamoja na sanduku la gia. Spana ya 17 yatosha. Lakini injini ina uzito wa kilo 100 hivi, tena hushuka kwa chini, haitoki kwa juu. Kwa hiyo tuliinua motokari nyuma, tukaiegemeza juu ya vigingi imara vya chuma. Mtu asiingie kamwe chini ya motokari iliyoshikwa na jeki peke yake! Tuliweka jeki nyingine chini ya injini, tukaivuta nyuma polepole, sawasawa, mpaka mhimili wa gia ukatoka katika klachi. Ukiiacha injini ining'inie juu ya mhimili huo, waweza kuharibu klachi.

Tulichokiona

Injini ilipokwisha kutoka, mzee alituita. Alishika ule mpira wa petroli, akaukunja kidogo kwa vidole. Ukapasuka kama jani kavu. Ulikuwa umezeeka, nasi kwa miaka mingi hatukuutazama. Ungalipasuka njiani, petroli ingalimwagika juu ya injini yenye moto, na katika motokari ile mama yetu huketi nyuma pamoja na wajukuu wake. Ndugu yetu alisimama kimya muda mrefu. Siku ileile alikwenda kununua mipira mipya.

Rangi

Tuliosha chumba chote kwa sabuni kali kabla ya kukisugua, kwa sababu ukisugua palipo na oili, waisukuma tu ndani ya chuma, na rangi haitashika. Chini, karibu na bampa, bati lilikuwa limeliwa. Tulilikata, tukaunga jipya. Kisha msasa, kisha rangi ya kwanza izuiayo kutu, kisha rangi ileile ya mwili wa motokari kama ilivyokuwa kiwandani, mara tatu, nyembamba nyembamba, tukingoja kila mara ikauke. Mpulizaji ajilinde: rangi nyingi za siku hizi zinazochanganywa na dawa ya kukaushia zina sumu iitwayo isosianati, iharibuyo mapafu, na kitambaa puani hakitoshi. Pia tulizifunika kwa karatasi namba za injini, zilizochorwa chini ya mguu wa dinamo, zisije zikapotea chini ya rangi. Ndizo zinazolinganishwa na hati za motokari.

Kuirudisha

Kuirudisha ni kufuata njia ileile kinyumenyume. Lakini jambo moja wengi hulisahau. Pembeni mwa injini pote kuna ukanda wa mpira uzibao nafasi kati ya bati la injini na chumba chake. Kazi yake ni kuizuia hewa ya moto ya chini isipande juu na kuvutwa tena na feni. Mtu akiuacha kwa kuwa hauonekani wala haupendezi, injini itapika mafuta yake na kufa. Rangi nzuri haitaisaidia kitu.

Basi, ndugu msomaji, kazi yetu ilichukua majuma matatu. Wapitao njiani hawaoni tofauti yoyote, kwa maana kifuniko kimefungwa. Lakini Jumapili mama yetu aliketi nyuma pamoja na wajukuu, nasi tuliwasha injini bila hofu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa wenyewe, mara nyingi, upo mahali ambapo hatupendi kutazama.