Rejesho Halingoji Mbalamwezi Ipite

Wauza dagaa wa Kanda ya Ziwa hupanga mwezi wao kwa kutazama juu. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu mitumbwi hupumzika siku kadhaa, na mwaloni panakuwa kimya. Kila mtu pale analijua hilo, kuanzia mvuvi hadi mama anayeanika. Mkopo peke yake ndio hautaki kujua. Rejesho la Jumatatu linadaiwa Jumatatu, iwe giza, iwe mbalamwezi.

Tunapozungumzia msongo wa mawazo huwa tunamtazama mtu mmoja mmoja. Tunamwambia apumzike, asali, aache kuwaza sana, aende akapime presha. Ni ushauri mwema. Lakini upo msongo unaozaliwa na mpangilio wenyewe wa fedha, na katika Tanzania ya leo sioni mfano ulio wazi kuliko mikopo ambayo wananchi wameibatiza kausha damu.

Tupige hesabu. Tuseme mama lishe amekopeshwa shilingi 100,000 na anatakiwa kurudisha 5,000 kila siku kwa siku 26. Jumla ni 130,000. Mkopeshaji atakwambia riba ni asilimia 30. Ukweli ni mchungu zaidi, kwa sababu ile laki haikai mikononi mwa mama mwezi mzima: kufika siku ya 13 ameshatoa 65,000. Amefanyia kazi nusu tu ya fedha, kwa wastani, ilhali riba anailipia yote. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 3,500 kwa kila laki. Linganisha na 30,000.

Sasa inyeshe mvua asubuhi hadi jioni. Wateja hawaji, wali unalala. Elfu tano ya leo itatoka wapi? Itatoka kwenye hela ya mchele wa kesho, au kwa mkopeshaji wa pili. Kukopa huku ili ulipe kule huanza hivyo, na anayefika hapo hakufikishwa na uvivu wala anasa. Amebanwa na ratiba iliyoandikwa kana kwamba kipato chake hakiyumbi, wakati kipato chenyewe hutegemea mvua, mwezi, afya ya mtoto na ukarimu wa mgambo.

Kwamba ratiba peke yake inaweza kumuumiza mtu si dhana yangu. Huko Kolkata, India, watafiti wakiwamo Erica Field na Rohini Pande waliwafuatilia wakopaji wa taasisi moja ya mikopo midogo. Kwa kura, baadhi walipangiwa kulipa kila wiki na wengine kila mwezi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: waliolipa kila mwezi walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 51 wa kusema kwamba wanahangaika na kukosa utulivu kwa sababu ya deni. Kilichobadilika ni tarehe za kulipa, na hofu ikapungua kiasi hicho.

Akili nayo hulipia. Utafiti wa mwaka 2013 kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu ulionyesha kuwa mkulima yuleyule hufanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, kuliko baada ya kuvuna na kulipwa. Kwa hiyo tunapomlaumu mdaiwa kwa "maamuzi mabovu", tukumbuke ameyafanya akiwa na deni kichwani tangu alfajiri.

Nyumbani na mtaani hali si nyepesi. Katika mikopo ya kikundi wanakikundi hudhaminiana. Mmoja akikwama, wenzake hulazimika kuchanga, na pasipo na huruma hufuata godoro, runinga, hata masufuria. Majirani waliozikana na kuuguzana wanageuka wakusanyaji wa madeni. Wapo wanawake wanaokopa bila waume zao kujua, na siri hiyo ni mzigo mwingine juu ya mzigo. Mikopo ya simu iliongeza aibu ya aina yake: programu inachota namba zako zote, ukichelewa, baba mkwe na bosi wako wanapokea ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua ile nilifurahi kuiona, ingawa ilikuja baada ya wengi kudhalilishwa.

Hata hivyo mjadala wetu umeelemea kwenye riba na leseni, na suala la ratiba tumeliacha nyuma. Akina mama wenyewe walishalijibu zamani katika upatu. Mwenzao akifiwa, au mtoto akipangiwa shule ya bweni, humfuata kijumbe na kumwambia, "Dada, naomba unisogezee zamu." Kijumbe huongea na wengine, zamu zikabadilishwa, mchezo ukaendelea. Wapo wanaotoroka na michezo inayovunjika, najua. Lakini upatu unamjua mchezaji wake.

Mkopeshaji mwenye leseni anaweza kufanya vivyo hivyo bila kufilisika. Mkopo wa mchuuzi wa dagaa upangwe kuruka siku za mbalamwezi, wa mkulima usubiri mavuno, na mama lishe aruhusiwe kulipa kwa mwezi, akiwa na wiki moja au mbili za kusamehewa kuchelewa pale anapougua, bila faini na bila watu kutumwa mlangoni. Hayo yaandikwe kwenye mkataba, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na Benki Kuu iyakague kama inavyokagua riba.