Munkoyo: usitie mizizi kwa moto

Bandugu, lisansi ya agronomi ninayo, lakini munkoyo yangu ya kwanza hapa Katuba niliimwaga yote. Unga kilo kumi na makala, bure! Nilitia mizizi katika uji wenye kuchemka. Kesho yake bado ni nzito sawa bukari. Mama jirani akacheka: "Mutoto ya iniversite, ulichoma munkoyo!"

Alisema kweli. Mizizi ile iko na enzimu zenye kukata wanga wa mahindi kuwa sukari. Moto mukali unaziua. Bila sukari, chachu itakula nini?

Basi fanya hivi. Pika uji uive vizuri. Ngoja upoe mpaka kidole kivumilie. Ponda mizizi, tia, koroga: uji utalegea, utakuwa tamu. Chuja, weka katika bidoni safi, lakini usikaze kifuniko, juu gesi inaweza kuipasua. Siku ya kwanza ni tamu. Ya pili, ya tatu, inakuwa kali na pombe inapanda. Hiyo usipatie batoto.

Anza na kilo moja, si kumi kama mimi. Na mbele ya kuwasha makala, uliza mama jirani.