Riwaya ya Mapenzi Chini ya Mto wa Askari

Wapo askari wanaoona haya kuonekana wakisoma riwaya ya mapenzi. Mtu hutoka lindo, huvua buti, hujinyoosha kitandani na kitabu chake. Mwenzake akiingia bwenini, kitabu hufichwa chini ya mto. Riwaya ya upelelezi husomwa hadharani, lakini ile ya mapenzi ya zama za kale, tena yenye ajabu ndani yake, hudharauliwa kuwa ni ya kupotezea wakati. Sisi twaona kuwa dharau hiyo haina msingi, na mfano mmoja watosha kuonyesha.

Mwaka 1991 mwandishi wa Kimarekani, Diana Gabaldon, alitoa riwaya iitwayo Outlander. Claire, muuguzi wa jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, amekwenda mapumzikoni Uskoti pamoja na mumewe. Ni mwaka 1945. Vita vimekwisha, na wawili hao waliotenganishwa kwa miaka wanajifunza upya kuishi pamoja. Siku moja Claire apita katika duara la mawe ya kale, na ghafla ajikuta katika mwaka 1743. Huko akutana na Jamie, kijana mpiganaji ambaye bega lake limetenguka, na wenzake wako tayari kulirudisha kwa nguvu bila maarifa. Claire awazuia, alirudisha mwenyewe. Mapenzi yao yaanzia hapo, katika kazi ya kuuguza.

Ajabu ya mawe yale ni kama mlango tu. Baada ya kuupita, mambo ya ajabu ni machache. Yanayotawala ni njaa, baridi, majeraha na viapo. Hii ndiyo siri ya riwaya za namna hii: ajabu kidogo humwingiza msomaji katika historia, kisha historia yenyewe humshika.

Na historia hiyo ni ya kweli. Tarehe 16 Aprili 1746, katika uwanda wa Culloden karibu na Inverness, wafuasi wa Charles Edward Stuart, aliyepigania kiti cha ufalme kwa ajili ya baba yake, walishindwa na jeshi la serikali chini ya Duke wa Cumberland. Usiku uliotangulia walikuwa wametembea kwenda kuishambulia kambi ya adui, wakarudi bila kufika, wamechoka na wana njaa. Kesho yake walipangwa mahali pa wazi mbele ya mizinga. Vita havikudumu hata saa moja, na majeruhi wengi waliuawa palepale walipolala.

Claire aijua tarehe hiyo, nasi wasomaji twaijua. Kwa hiyo kila usiku anaokaa na Jamie una hesabu yake. Askari aliyepata amri ya safari, akamtazama mkewe akifunga sanduku, haihitaji kuelezwa hesabu hiyo.

Wala sanaa hii si ngeni katika Kiswahili. Watu wa pwani wamehifadhi habari za Fumo Liyongo, shujaa ambaye hakuweza kuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Ajabu ni hiyo moja; kinachotuliza ni mtoto kumsaliti baba yake.

Hatusemi kwamba riwaya ni historia. Atakaye kuijua Culloden kikamilifu na asome pia vitabu vya wanahistoria. Lakini taarifa za vita aghalabu hutaja majemadari na idadi ya mizinga, zisimtaje aliyefunga vidonda, wala aliyengoja mlangoni. Nasi tumewaona wenzetu wakirudi nyumbani baada ya miezi mingi mpakani, wakakaa sebuleni kama wageni, wasijue la kumwambia mke. Claire na mumewe walikuwa katika hali hiyohiyo. Ndugu askari, kitoe kitabu chako chini ya mto. Ukimaliza, mpe mkeo naye akisome, mpate pa kuanzia mazungumzo.