Je, Wajua? Moto Huruka Mito

Nyumba nyingi zinazoteketea katika moto wa msituni hazianzi kuguswa na ndimi za moto, bali na cheche. Hewa yenye joto kali hupanda juu ikibeba vipande vya magome vinavyowaka, kisha upepo huvisukuma mbele. Bingwa hapa ni mkaratusi: baadhi ya aina zake huambua magome marefu yanayojikunja kama sigara na kuendelea kufukuta ndani yakiwa angani. Huko Victoria, Australia, tarehe 7 Februari 2009, cheche ziliwasha moto mpya zaidi ya kilomita 30 mbele. Mto wala barabara haikufua dafu. Hatari yenyewe ni ndogo kwa umbo: cheche moja ndani ya mfereji wa paa uliojaa majani makavu, au kwenye upenyo chini ya vigae, na nyumba huweza kuwaka saa kadhaa baada ya moto mkubwa kupita.