Gombo, wali na aibu: somo kutoka meza ya Wakajuni



Kuna jambo moja ambalo nimeliona mara nyingi hapa Kasongo, na hata mimi nimelifanya. Kijana ametoka Kisangani ao Bukavu na diplome yake. Saa saba mchana njaa imemkamata. Mbele yake kuna malewa: banda la miti, meza moja ndefu, sufuria tatu juu ya makala, na mama anayeita, “Karibu papa! Iko muchele, iko sombe, iko samaki!” Kijana anaangalia kushoto, anaangalia kulia, halafu anapita. Hataki watu wamuone pale. Anaenda kununua biskuti na soda, anakula amesimama, na njaa haiishi.

Biskuti ile imetoka mbali, imelipiwa bei kubwa, na haina ladha yoyote ya kukumbuka. Sombe aliyoiacha ilianza kutwangwa asubuhi. Sasa, ni nini kinachomfukuza kijana kwenye ile meza? Si uchafu, kwa sababu hakuangalia hata sahani. Si pesa pia. Ni aibu tu.

Juu ya aibu hiyo, leo ninataka kuwaeleza kwanza restora za watu wengine, wa mbali sana, wanaoitwa Wakajuni, kule jimbo la Louisiana, Marekani. Halafu tutarudi huku kwetu, kwenye meza ya mama, na kupitia Nyangwe.

Wakajuni ni nani?

Ni wazao wa wakulima na wavuvi Wafaransa waliohamia Acadia, upande wa mashariki wa Kanada ya leo, tangu miaka ya 1600. Mwaka 1755 Waingereza, waliokuwa wameshika nchi ile, walianza kuwafukuza. Walichoma nyumba zao, wakawapakia kwenye meli, wakawatawanya pwani za Marekani na Ulaya. Wengi walikufa njiani. Baadhi yao, baada ya miaka ya kutangatanga, walifika Louisiana. Mwaka 1785 peke yake, meli saba zilileta watu karibu 1,600 kutoka Ufaransa. Jina lao la Kifaransa, “Acadien”, lilikatwa midomoni mwa watu likawa “Cadien”, na mwishoni “Cajun”.

Walipofika walikuta nchi ya mabwawa, joto na mbu. Ngano yao ya zamani haikukubali vizuri. Basi wakapika walichokikuta: kambale, kamba wadogo wa matope, wali, pilipili. Wenyeji Wachoctaw waliwafundisha kutumia unga wa majani ya mti unaoitwa sasafrasi, unaofanya mchuzi kuwa mzito. Waafrika, waliokuwa wameletwa pale kwa nguvu kama watumwa, walileta mikono iliyojua kulima mpunga, na walileta bamia. Ufaransa ulibaki katika namna ya kuanza mchuzi: unga wa ngano unakaangwa na mafuta, polepole, mpaka unapata rangi ya kahawia. Ukiharakisha unaungua, na unaanza upya.

Ukiingia kwenye restora yao

Tuseme umefika katikati ya mji wa Lafayette, ambao ni kama kitovu cha Wakajuni. Usitegemee kitambaa cheupe na vijiko vitano. Restora nyingi za Kikajuni ni za watu wa kawaida: meza ya mbao, muziki, kelele, chupa ya pilipili katikati ya meza. Ile pilipili ya Tabasco ambayo wengine wetu tumeiona hata kwenye maduka ya Kinshasa inatengenezwa Louisiana tangu mwaka 1868.

Utaona majina haya. Gumbo ni mchuzi mzito wa kuku, soseji ao kamba, unaomwagwa juu ya wali. Jambalaya ni wali uliopikwa pamoja na nyama ndani ya sufuria moja. Mtu aliyekula pilau ataelewa bila kuelezwa. Étouffée ni kamba waliofunikwa na mchuzi, nao wanakaa juu ya wali. Boudin ni soseji iliyojazwa wali na nyama ya nguruwe. Kwa ndugu zetu Waislamu, ambao huku Kasongo na Nyangwe ni wengi, hapo ni lazima kuuliza kabla ya kuagiza, maana nguruwe anaingia hata ndani ya gumbo.

Halafu kuna kamba wa kuchemsha. Wanapikwa kwa pilipili, mahindi na viazi, halafu wanamwagwa juu ya meza iliyotandikwa magazeti. Kila mtu anakula kwa mikono: unavunja kichwa, unavuta mkia, unaendelea. Mkubwa na mdogo, mikono yote ni myekundu. Mtu anayeona haya kula kwa mikono mbele ya watu, pale atalala njaa.

Neno gombo lilitoka wapi?

Hili ndilo lililonishangaza zaidi. Sisi Wakongo tukisema Kifaransa, bamia tunaiita “gombo”. Tunadhani ni Kifaransa cha wazungu. Kumbe wataalamu wengi wa lugha wanalirudisha neno hilo kwenye lugha za Kibantu za upande wa Angola, kwenye neno linalosemwa “kingombo”. Angalia ile “ki” ya mwanzo: ni ndugu ya “ki” yetu ya kitu na kitabu. Watu waliokamatwa na kuvushwa bahari walipoteza karibu kila kitu, lakini jina la mboga lilibaki midomoni mwao. Leo ni jina la chakula kinachojulikana kuliko vyote kule Louisiana, na mgeni analipa dola nyingi ili akionje.

Kwa hiyo ile meza ya Lafayette si ya kigeni kabisa kwetu. Wali, bamia, samaki wa maji matamu, pilipili: ukiongeza mawese umefika nyumbani.

Nao walikuwa na aibu

Usifikiri kwamba Wakajuni walijivuna tangu zamani. Kwa muda mrefu neno “Cajun” lilikuwa tusi, maana yake mtu wa porini, maskini, asiyesoma. Mwaka 1921 katiba ya Louisiana iliamuru kwamba shuleni wafundishe kwa Kiingereza tu. Watoto waliosema Kifaransa cha nyumbani waliadhibiwa. Wazazi wengi, kwa kuwaonea huruma watoto wao, waliacha kuwafundisha lugha. Na chakula kikafuata njia hiyohiyo: cha kula nyumbani, si cha kumuonyesha mgeni.

Mabadiliko hayakuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1968 jimbo liliunda baraza la kutetea Kifaransa. Mwaka 1979 mpishi mmoja, Paul Prudhomme, mtoto wa mwisho kati ya watoto 13 wa familia ya wakulima, alifungua pamoja na mke wake restora ndogo New Orleans, iliyoitwa K-Paul's. Ilikuwa restora bila maringo. Wateja walipanga mstari barabarani, na wageni wasiojuana waliketishwa meza moja. Alipika chakula cha kwao na alikiita kwa jina la kwao. Mwaka 1984 alitoa kitabu cha mapishi. Samaki wake wa kuchoma kwa viungo alipendwa mpaka serikali ikalazimika kuzuia uvuvi wa samaki yule, maana alikuwa anakwisha baharini. Neno lililokuwa tusi likawa tangazo la biashara nchi nzima.

Sahani ilikuwa ileile ya bibi zao. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliyeijua hakuificha tena: aliipa jina mbele ya watu, akaiandika, na akaweka meza.

Turudi Nyangwe

Sasa tuangalie sahani ya mama wa malewa. Wali ule ulifikaje hapa Maniema? Uliletwa na Waarabu na Waungwana, watu wa pwani na wa Tabora, waliofuata pembe za ndovu mpaka Lualaba na kujenga Nyangwe karibu na mwaka 1860. Walipanda mpunga kuzunguka vituo vyao, na wenyeji wakaujua. Kiswahili chetu kilikuja kwa njia ileile. Muhogo, mama wa sombe, na pilipili vilitoka Amerika, vikavushwa na Wareno karne nyingi zilizopita. Mawese ni yetu ya tangu zamani. Samaki ni wa Lualaba. Sahani moja, na ndani yake kuna safari tatu ao nne.

David Livingstone alifika Nyangwe mwezi wa tatu 1871 na alikaa miezi kadhaa. Kitu kilichomvutia sana ni soko. Aliandika juu ya umati wa wanawake waliokuja na samaki, kuku, mihogo, chumvi, pilipili na mawese, wakibishana bei kwa furaha. Lakini tarehe 15 mwezi wa saba mwaka uleule, watu wa wafanyabiashara wale walifyatua bunduki katikati ya soko. Wanawake walikimbilia mitumbwi, wengi wakazama mtoni. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliondoka na huzuni akarudi Ujiji.

Ninalisema hili ili tusidanganyane. Njia iliyoleta wali ndiyo iliyobeba watu wetu wakiwa wamefungwa minyororo. Bamia ya Louisiana nayo ina historia hiyohiyo. Chakula hakifuti damu. Lakini tukumbuke ni nani aliyeendelea kupika. Mwaka 1893 majeshi ya Leopold II yaliteka Nyangwe na Kasongo, na ukubwa wa zamani wa Nyangwe haukurudi. Mabwana walibadilika, bendera zilibadilika, lakini wanawake walirudi sokoni. Mama wa malewa ameshika kijiko cha wale waliokimbia siku ile.

Basi, tunabaki na nini?

Sisi wahitimu tuna aibu mbili zinazofanana sana na zile za Wakajuni. Ya kwanza ni lugha. Mtu akitoka Tanzania akatuambia Kiswahili chetu “kimevunjika”, tunacheka naye. Tungejibu kwamba kimetembea, kama wali ulivyotembea, na njiani kimeokota Kikusu, Kizimba, Kibangubangu, Lingala na Kifaransa. Ya pili ni meza. Tunasema hakuna kazi Maniema, huku tunapita mbele ya mama ambaye kwa sufuria tatu amesomesha watoto, na tunamuona kama mtu aliyeshindwa maisha.

Sisemi kila mhitimu afungue malewa. Ninasema kuna kazi ambayo mama hana muda wa kuifanya na sisi tumeisomea. Ni nani ameandika namna ya kupika sombe ya hapa: majani ya umri gani, yanatwangwa kiasi gani, yanachemka muda gani? Hilo si jambo dogo, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu, na ni yale maji na moto mrefu vinavyoitoa. Mama anaijua kemia hiyo bila kuiita kemia. Ni nani ameandika majina ya mipunga inayolimwa Kasongo na Kabambare, na ipi inafaa kwa sahani gani? Aliyesoma agronomia yuko wapi? Aliyesoma biashara anaweza kumsaidia mama kuweka daftari la madeni, maana malewa nyingi zinakufa kwa sababu ya wateja wanaosema “nitalipa kesho”. Na wengi wa wateja hao, tuseme ukweli, ni sisi.

Mpunga wa Maniema unapata shida ya barabara kabla ya kufika mbali, na watu wa miji wanakula mchele wa gunia uliotoka Asia. Barabara hatuwezi kuitengeneza kwa maneno. Lakini mchele usio na jina hautaulizwa na mtu yeyote, hata siku barabara itakapofunguka.

Mimi nimeanza na kidogo. Wiki iliyopita niliketi kwa mama mmoja karibu na soko, saa saba kamili, mbele ya watu wote. Nilimuuliza anaanzaje sombe yake. Alinitazama sana, akafikiri ninamchunguza kwa ajili ya kodi. Nilipomwambia ninataka tu kuandika, alicheka, akafuta mikono, akasema: “Papa, kula kwanza. Itapoa. Kisha andika.”

Nilikula, nikalipa, nikaandika. Zamu yako sasa: muulize mama yako ao bibi yako namna anavyopika chakula kimoja cha kwenu, utuletee hapa, na jina lake kwa lugha ya kwenu.