Imeidhinishwa na nani? Uzi kuhusu neno moja linalotuchanganya kila siku

1/ Wadau, kila wiki kuna mdahalo ambapo mmoja anasema "hii kitu imeidhinishwa" na mwenzake anajibu "hapana, haijaidhinishwa". Wanapigiana kelele nusu saa, na mara nyingi wote wawili wako sawa. Kila mmoja anazungumzia hatua tofauti. Hebu tuzitenganishe.

2/ Kwanza niwaambie kwa nini nasumbuka na hili. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mama alisikia kwa redio kwamba kaunti yetu imeidhinisha pesa za basari. Alikuwa ameshakopa karo yangu kwa chama. Akairudisha siku hiyo hiyo ili riba isimkule, akanipigia simu: "Tulia, serikali imeshakubali." Basari ilikuja baada ya miezi mitano. Mtihani mmoja nilikosa kwa sababu ya karo, nikaufanya mwaka uliofuata. Na redio haikuwa imedanganya.

3/ Shida inaanzia hapa. Miswada na sheria zetu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kina vitenzi vingi vya kutoa kibali: approve, assent, ratify, authorise, adopt, endorse, sanction. Vikifika kwenye kichwa cha habari cha Kiswahili, karibu vyote vinageuka "kuidhinisha". Si kwamba Kiswahili kimekosa maneno. Tuna kupitisha, kuridhia, kuafiki, kuruhusu, kuunga mkono, kutia saini. Ni vile tu tuna haraka.

4/ Tuanze na "approve". Hapa mtu mwingine ameleta pendekezo, na mwenye mamlaka amelikagua akasema sawa. Mfano ni mawaziri. Kwa Kifungu cha 152 cha Katiba, Rais anapendekeza jina, Bunge la Kitaifa linaidhinisha, kisha Rais anateua. Halafu kuna kiapo. Kwa hivyo aliyepita bungeni jana jioni bado si waziri, hata kama mtaani kwao wameshachinja mbuzi.

5/ "Assent" ni ya Rais kwa mswada ambao Bunge limeshaupitisha. Kifungu cha 115 kinampa siku 14. Ana njia mbili: atie saini, au aurudishe bungeni na kueleza asichokubali. Na akinyamaza je? Siku 14 zikiisha, mswada unahesabiwa kuwa umekubaliwa. Yaani hapa kimya ni jibu. Wanaosema "Rais hakusaini, kwa hivyo si sheria" wanasahau hicho kipengele.

6/ Hata baada ya saini safari haijaisha. Kifungu cha 116 kinataka sheria ichapishwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali ndani ya siku 7. Inaanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa sheria yenyewe itaje siku nyingine.

7/ Mnakumbuka Juni 2024. Tarehe 25 wabunge walipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo kuna Wakenya waliotoka nyumbani kwenda maandamano na hawakurudi. Tarehe 26 Rais akatangaza kwamba hatatia saini. Huku mtandaoni wengine walikuwa wanasema "imepitishwa, imeisha", na wengine wanauliza "je, siku 14 zikipita?" Swali la pili lilikuwa la maana sana. Tangazo la kwenye TV halitoshi. Lililohesabika ni mswada kurudishwa bungeni rasmi, ukiwa na pendekezo kwamba vifungu vyake vyote vifutwe. Na Bunge nalo lingeweza kuupitisha tena bila kubadilisha chochote, lakini kwa theluthi mbili ya wabunge.

8/ "Ratify" ni kuridhia, na tunaisikia zaidi kwa mikataba ya kimataifa. Kutia saini mkataba kunaonyesha nia. Kuridhia ndiko kunakoifunga nchi. Kenya ilitia saini Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha mahakama ya ICC, tarehe 11 Agosti 1999. Iliuridhia tarehe 15 Machi 2005. Hapo katikati ni zaidi ya miaka mitano. Marekani ilitia saini tarehe 31 Desemba 2000 na haijauridhia kamwe.

9/ Kwetu hili lina uzito, kwa sababu Kifungu cha 2(6) kinasema mkataba ambao Kenya imeuridhia unakuwa sehemu ya sheria za Kenya. Na tangu sheria ya mikataba ya mwaka 2012, lazima Bunge lihusishwe. Kwa hivyo mtu akikwambia "si tulishasaini", muulize: tuliridhia lini?

10/ Sasa turudi kwa basari ya mama. "Authorise" ni kutoa ruhusa kitu kifanyike, na pesa za umma ndipo mahali pake. Bunge la kaunti linapitisha makadirio ya bajeti, na sheria ya matumizi inatungwa. Lakini kwa Kifungu cha 228, pesa haitoki kwenye hazina ya kaunti hadi Msimamizi wa Bajeti aruhusu, na haruhusu mpaka aridhike kwamba sheria inakubali pesa hiyo itolewe. Baada ya hapo bado kuna pesa yenyewe kuwepo, orodha ya majina, na hundi kufika chuoni. Redio ilitangaza hatua ya kwanza. Mama alisikia ya mwisho.

11/ "Adopt" ni Bunge kukubali ripoti ya kamati kuwa msimamo wake. Ni jambo zito, lakini ripoti si sheria. Kama inataka sheria ibadilishwe, lazima mswada uletwe na uanze safari yake. Ndiyo maana tuna ripoti nyingi "zilizoidhinishwa" na bado tunalia shida zile zile.

12/ "Endorse" ndiyo inatudanganya zaidi wakati wa kampeni. Neno hili lina asili ya Kilatini, mzizi wake ni mgongo: ni kuandika nyuma ya karatasi, kama mtu anavyosaini nyuma ya hundi. Kigogo akisimama juu ya gari akasema "huyu ndiye wetu", ameunga mkono, basi. Kisheria hajatoa chochote. Anayempa mgombea tiketi ni chama, na anayemkubalia jina liende kwenye karatasi ya kura ni tume ya uchaguzi. Lakini magazeti yatasema kigogo "ameidhinisha" na tume "imeidhinisha", kana kwamba ni kitu kimoja.

13/ La mwisho ni "sanction", na hili lina sura mbili. Linaweza kuwa kuruhusu, na linaweza kuwa kuadhibu, kama vile vikwazo ambavyo nchi huwekewa. Ukilikuta kwenye taarifa, soma sentensi yote kabla ya kukasirika.

14/ Nimejifunza kuuliza maswali matatu nikisikia "imeidhinishwa":
Nani ameidhinisha?
Sheria inampa huyo nguvu gani, au ametoa maoni tu?
Ni hatua gani zimebaki?
Mwanasiasa akishindwa kujibu la tatu, ujue anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

15/ Wanaotumia neno hili vibaya si wajinga wote. Wengine wanajua kabisa. Ni rahisi kupigiwa makofi kwa barabara "iliyoidhinishwa" kuliko kueleza kwamba pesa bado haijaruhusiwa kutoka. Anayelipia hiyo tofauti ni yule aliyepanga maisha yake kwa kuamini tangazo.

16/ Mama siku hizi habari za kaunti zikitangazwa anapunguza redio kidogo, anauliza: "Bunge tu, ama pesa imetoka?" Mkopo wa chama harudishi hadi aone risiti ya chuo.

Kama kuna neno lingine linakuchanganya kwenye midahalo, liandike hapo chini. Na nikiwa nimekosea mahali, nirekebishe kwa kutaja kifungu.